Uso Ukibadilika Baada ya Operesheni ya Kichwa



Mtu akirudi kutoka hospitali baada ya kutolewa uvimbe chini ya ubongo, watu huangalia uso wake kwanza. Mdomo umeenda upande, jicho moja halifumbi. Maneno huanza: amerogwa huyo! Mwenyewe akisikia, anaacha kuja mikutanoni. Basi tuelewe jambo hili.

Kwa nini uso hulegea?

Ubongo umekalia mfupa ulio nyuma ya macho, pua na masikio. Mfupa huo una matundu, na humo hupita mishipa ya damu na neva. Neva ya uso, ile ya kufumba jicho na kutabasamu, hupita tundu moja na neva ya kusikia. Uvimbe ukiota hapo, huisukuma na kuinyoosha. Mara nyingi uvimbe huo si kansa, lakini ukikua sana hubana ubongo.

Daktari akiutoa, neva inaweza kuumia hata akiwa mwangalifu. Kama haikukatika, nguvu huweza kurudi polepole, kwa miezi au hata mwaka mzima. Kama imekatika, wapasuaji wanaweza kuiunganisha na neva nyingine, kwa mfano ya ulimi. Pengine daktari huacha kipande kidogo cha uvimbe kwa makusudi ili kuokoa neva, kisha anakiangalia kwa picha kila baada ya muda.

Na makovu je?

Si kila operesheni huacha kovu usoni. Uvimbe wa tezi ya pituitari kwa kawaida hutolewa kupitia puani. Kwingine ngozi hupasuliwa nyuma ya sikio au ndani ya nywele. Lakini panja linaweza kubonyea, kwa sababu msuli wa kutafunia umenywea.

Jicho ndilo la kuangaliwa zaidi

Jicho lisilofumba hukauka, likapata kidonda, na mtu anaweza kupofuka. Kwa hivyo:

1. Mchana atumie matone ya kulainisha jicho aliyopewa hospitali.
2. Usiku atie dawa ya mafuta, na kope ifungwe jinsi alivyoonyeshwa.
3. Avae miwani penye vumbi, upepo na moshi.
4. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kikundi kifanye nini?

Kabla ya operesheni, mmoja wenu amsindikize akamuulize daktari: Uso utakuwaje? Kovu litakuwa wapi? Jicho litatunzwaje? Angalieni pia kama amejiandikisha na kulipia SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

Akirudi, mtembeleeni. Ongeeni naye mkimtazama usoni, msiongee na mkewe kana kwamba yeye hayupo. Neva ya uso haifikirii wala haihesabu pesa. Kama alikuwa mweka hazina, daftari lake limngoje.