Bwawa la Nairobi: Ziwa la starehe lililogeuka shamba

MTOTO aliyelelewa Ekerenyo, kaskazini mwa Nyamira, huyajua maji kabla hajaijua kalamu. Akiwa bado mdogo huwa tayari ana kidumu chake, na asubuhi hufuatana na dada zake hadi bondeni kwenye chemchemi. Huko hufunzwa sheria moja isiyoandikwa popote: usifue wala usinawe upande wa juu wa mahali watu wanapoteka. Anayeivunja hukemewa na mama yeyote aliye karibu, awe mamake au mama wa jirani.

Niliikumbuka sheria hiyo nilipokuwa nimesimama kando ya Bwawa la Nairobi pamoja na mzee mmoja wa kwetu, aliyekuja jijini kumwona mwanawe anayeishi Lang'ata. Mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya msingi, ndiye aliyetuongoza.

"Babu, hili ndilo bwawa," alisema kijana.

Mzee alitazama huku na huku. "Mjukuu wangu, bwawa ni lile lenye maji. Mimi hapa naona nduma na miwa."

Kijana alicheka, lakini babu hakucheka. Alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka ya 1970, na anakumbuka alivyokuwa akija hapo Jumapili alasiri kutazama mashua. Kwake yeye, ilikuwa kama kuonyeshwa nyumba ya rafiki na kukuta imebaki mahame.

Jiji lenye kiu

Msomaji atashangaa kusikia kwamba Nairobi, jiji linalolia maji kila mara, lilipata jina lake kutokana na maji. Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nyrobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika mwaka wa 1899, mafundi walipiga kambi hapo kwa kuwa palikuwa na maji ya kutosha watu na injini za moshi.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1948 ilionyesha kuwa mji ulikuwa na wakazi wapatao 119,000. Miaka miwili baadaye ulipewa hadhi ya jiji, na mahitaji ya maji yakazidi kupanda. Mnamo 1953, wakati nchi ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari, Bwawa la Nairobi lilianza kazi. Lengo lake lilikuwa kuongeza akiba ya maji ya matumizi kwa wakazi.

Bwawa hilo lilijengwa kwa kuuzuia Mto Motoine, unaotoka upande wa Dagoretti na kupita kando ya Kibera. Maji yakishatoka bwawani, mto hubadilisha jina na kuitwa Ngong. Huteremka kupitia eneo la viwanda na mitaa ya Mukuru, hujiunga na Mto Nairobi na kisha Mto Athi, na mwishowe huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki.

Bwawa lilipojengwa, eneo lake lilikuwa takriban mita 356,000 za mraba, yaani ekari 88 hivi. Viwanja hamsini vya kandanda vingeweza kuenea humo. Lakini kina chake cha wastani hakikufika mita tatu. Tutaona jinsi ufupi huo wa kina ulivyoliponza.

Jumapili kando ya maji

Haukupita muda mrefu kabla ya watu wa jiji kugundua kwamba bwawa lina faida nyingine. Klabu ya mashua za tanga, Nairobi Sailing Club, iliweka makao yake hapo. Upepo wa alasiri ulipovuma, matanga meupe yalipishana juu ya maji, huku ndege za uwanja mdogo wa Wilson zikipaa ng'ambo ya barabara ya Lang'ata. Wengine waliogelea, na wengine wakakaa ukingoni na ndoana zao wakisubiri samaki.

Ni kweli kwamba mwanzoni starehe za klabu zilikuwa za wachache, maana huo ulikuwa wakati wa ukoloni na ubaguzi wa rangi. Lakini ukingo wa bwawa haukuhitaji kadi ya uanachama. Mfanyakazi asiye na shilingi ya kuingilia sinema aliweza kuketi kwenye nyasi na watoto wake, akala mahindi ya kuchoma na kutazama mashua bila kulipa chochote. Kwa familia iliyobanana katika chumba kimoja, hiyo haikuwa starehe ndogo.

Mgeni wa kijani

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Bwawa la Nairobi ulianzia mbali na bwawa lenyewe, huko juu mtoni.

Kibera ilianza kama makao ya wanajeshi Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Baada ya uhuru maelfu ya watu waliingia jijini kutafuta kazi, wakapata makao ya bei nafuu hapo. Nyumba ziliongezeka, lakini mabomba ya maji taka, vyoo na magari ya kuzoa takataka havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Uchafu ulipokosa njia nyingine, ulifuata mteremko hadi Motoine, na Motoine ikaubeba hadi bwawani.

Isidhaniwe kwamba lawama ni ya wakazi maskini peke yao. Mtu hawezi kutumia choo ambacho hakikujengwa. Waliopanga jiji, na waliotazama mitaa ikikua bila huduma, wana sehemu yao ya lawama.

Uchafu wa vyooni ni mbolea. Ukiingia katika maji yenye kina kifupi na jua kali, mimea hunenepa. Ndipo akaja mgeni wa kijani, gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini na maua mazuri ya zambarau. Wasomaji waliowahi kufika Kisumu wanaujua, kwa sababu ulileta dhiki kubwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1990. Penye mbolea na joto, gugu hili laweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki mbili hivi.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, gugumaji lilikuwa limetanda karibu bwawa lote. Mashua hazikuwa na pa kupita. Mwanga haukuwafikia viumbe walio chini, na hewa ndani ya maji ikapungua. Majani yaliyokufa yalizama, yakachanganyika na udongo na taka, na sakafu ya bwawa ikapanda mwaka baada ya mwaka. Mahali palipoelea mashua pakaota nyasi, kisha watu wakapanda nduma na miwa.

Kung'oa peke yake hakutoshi

Zaidi ya mara moja watu wamejitokeza kung'oa gugu hilo, na kila mara limerudi. Sababu si fumbo. Ukifagia maji sakafuni na bomba bado linavuja, utafagia hadi kesho. Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mpango mkubwa wa kusafisha mito ya Nairobi. Mpango wowote wa namna hiyo utapimwa kwa jambo moja: je, maji machafu yatapata njia nyingine kabla ya kufika mtoni?

Hili si suala la mashua tu. Bwawa lenye nafasi huyapokea maji ya mvua kubwa na kuyaachilia polepole. Likijaa tope, haliwezi kazi hiyo, na walio chini ndio hupokea maji hayo kwa kishindo. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, mitaa ya Mukuru, kando ya Mto Ngong, ilikuwa miongoni mwa iliyoumia sana.

Mfano mwema haupo mbali. Bwawa la Ndakaini huko Gatanga, Murang'a, lilikamilika mwaka wa 1994, na laweza kuhifadhi takriban mita milioni 70 za ujazo kwa ajili ya Nairobi. Mwaka wa 2004 zilianzishwa mbio za kilomita 21 katika barabara za eneo hilo ili kuhimiza utunzaji wa misitu na vyanzo vya maji. Hivyo bwawa huweza kunywesha jiji na kuburudisha watu pia, mradi tu walio juu yake wawe na nia njema. Mzazi akiwapeleka watoto huko, awakataze kuogelea. Maji ya bwawa ni ya kina kirefu na hayana ukingo wa kushika.

Nasi wa Ekerenyo tusijione wema kupita kiasi. Maji ya Nyamira huelekea Ziwa Victoria, na kando ya vijito vyetu wengi wamepanda mikaratusi kwa sababu ya fedha za nguzo na kuni. Mti huo hunywa maji mengi, na chemchemi iliyonywesha babu yaweza kukauka mjukuu akitazama.

Tulipokuwa tukirudi barabarani, kijana alimuuliza babu yake kama mashua zitarudi siku moja.

"Zitarudi," mzee alijibu. "Lakini kwanza mtu aende kule juu akawaambie wasifulie hapo. Na akiwaambia, awaonyeshe pa kufulia."