Akiba ya Karibu: Kompyuta Huchaguaje Taarifa za Kuweka na za Kuondoa?

Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, watahiniwa, wazazi na walimu nchini kote hufungua kurasa zile zile kwa saa zile zile. Wakati huo huo ziko kurasa nyingi za mtandao ambazo hukaa siku nzima bila kuombwa na mtu hata mmoja. Hali hii, ya vitu vichache kutakwa na wengi na vitu vingi kutotakwa na mtu, ndiyo inayotawala kazi ya kompyuta zinazouhudumia mtandao. Kompyuta hizo hujitahidi kuweka karibu na msomaji nakala za taarifa zinazoombwa mara kwa mara, na kuziacha mbali zile zinazoombwa kwa nadra. Nakala hizo za karibu tutaziita akiba.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, tena upesi, na nafasi ya kuiwekea ni finyu. Kwa hiyo mhandisi hana budi kujibu maswali matatu: aweke nini, aondoe nini, na aache kuiamini nakala wakati gani? Makala haya yanaeleza jinsi maswali hayo yanavyojibiwa, na kwa nini majibu yake yanatuhusu sisi wakazi wa Afrika Mashariki.

Umbali na mwendo wa nuru

Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo wa mawasiliano, ishara husafiri kwa mwendo wa kilometa 200,000 hivi kwa sekunde, yaani theluthi mbili za mwendo wa nuru katika ombwe. Tuseme msomaji aliye Dodoma anaomba ukurasa uliohifadhiwa Ulaya, na kwamba urefu wa njia ya mkongo ni kilometa 10,000. Ombi litatumia milisekunde 50 kwenda, na jibu milisekunde 50 kurudi. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hizo 100 ni lazima zipite, hata kama mitambo yote ya njiani ingefanya kazi bila kuchelewa kamwe.

Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi mwezi Julai 2009, mawasiliano ya eneo letu na nchi za ng'ambo yalitegemea sana setilaiti zilizo kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi lilipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka. Jumla ni kilometa 144,000, yaani karibu nusu sekunde. Na kwa kuwa ukurasa mmoja aghalabu huhitaji maombi kadhaa yanayofuatana, machelewesho hayo hujumlishwa.

Hakuna awezaye kuongeza mwendo wa nuru. Linalowezekana ni kupunguza umbali. Tuchukue kwamba akiba iliyo nchini hujibu kwa milisekunde 5, na chanzo kilicho mbali hujibu kwa milisekunde 150. Ikiwa maombi 80 kati ya 100 yanajibiwa na akiba, wastani wa kungoja ni:

0.8 × 5 + 0.2 × 150 = milisekunde 34.

Yakiwa 90 kati ya 100, wastani ni 0.9 × 5 + 0.1 × 150, yaani milisekunde 19.5. Nyongeza ya maombi kumi tu imepunguza muda wa kungoja kwa zaidi ya theluthi moja.

Wazo hili lilitangulia intaneti. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza jinsi kumbukumbu ndogo yenye kasi ingeweza kuwekwa mbele ya kumbukumbu kuu, iliyo kubwa lakini ya polepole. Mwaka 1968 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta ya System/360 Model 85 iliyotumia mpango wa namna hiyo. Akiba yake ilikuwa ya kilobaiti 16 hadi 32, ilhali kumbukumbu kuu ilianzia kilobaiti 512. Kitu kidogo hivyo kilifaa kwa sababu programu hurudia maagizo yale yale mara nyingi. Je, watu nao huomba kurasa zile zile mara nyingi?

Wachache wanaoulizwa sana

Mtaalamu wa lugha wa Marekani, George Zipf, alichunguza wingi wa maneno katika maandishi. Tukiyapanga maneno kuanzia linalotumika zaidi, la pili hutumika karibu nusu ya mara za lile la kwanza, la tatu karibu theluthi, la nne karibu robo, na kuendelea. Mwaka 1999 watafiti wa kompyuta walionyesha kwamba maombi ya kurasa za mtandao hufuata mwelekeo unaokaribiana na huo.

Maana yake yaweza kupimwa kwa hesabu. Tuseme ziko kurasa 1,000, na kila ukurasa huombwa kwa uwiano wa 1, 1/2, 1/3, hadi 1/1,000. Jumla ya sehemu hizo zote ni 7.49 hivi. Jumla ya 100 za kwanza ni 5.19 hivi. Basi akiba inayobeba kurasa 100 tu, ambazo ni sehemu moja ya kumi ya zote, itajibu maombi 69 katika kila 100. Tukiikuza akiba mara tano, ibebe kurasa 500, itajibu maombi 91. Kurasa 400 zilizoongezwa zimeleta faida ya maombi 22 tu. Hivyo akiba ndogo iliyochaguliwa vema hufanya kazi kubwa, na kuikuza bila kikomo huleta faida inayozidi kupungua.

Nani atolewe?

Akiba ikijaa, kuingiza kipya ni kutoa cha zamani. Tufikirie rafu ya mezani yenye nafasi ya vitabu vitatu katika maktaba ya shule, na wanafunzi wanaoomba kwa mfuatano huu: Kamusi, Hesabu, Kemia, Kamusi, Historia, Kamusi, Hesabu, Kamusi. Kitabu kisichokuwa mezani huletwa kutoka stoo.

Kanuni ya kwanza ni kutoa kilichoingia kwanza. Historia inapoombwa, Kamusi ndiyo inayoondoka, nayo huhitajika tena mara moja. Kwa kanuni hiyo maombi 2 tu kati ya 8 hukuta kitabu mezani. Kanuni ya pili ni kutoa kile ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu kuliko vingine. Sasa Kamusi inabaki, na maombi 3 hufanikiwa. Kanuni ya tatu ni kutoa kile kitakachohitajika baadaye kuliko vyote. Kwa kuwa Kemia haitaombwa tena, ndiyo inayotolewa, na maombi 4 hufanikiwa. László Bélády, mtafiti wa IBM, alitumia kanuni hii ya tatu katika uchunguzi wake wa mwaka 1966. Haiwezi kutumika kazini, maana hakuna mashine iijuayo kesho. Lakini ni kipimo cha ukamilifu ambacho kanuni nyingine hulinganishwa nacho.

Iko pia kanuni ya kuhesabu: kila kitu hupewa alama kwa idadi ya maombi yake, na chenye alama chache hutolewa. Kasoro yake ni kuthamini sifa za zamani. Ukurasa wa matokeo ulioombwa mara laki moja mwezi Januari utakalia nafasi mwezi Juni, ingawa hakuna auulizaye. Kwa ajili hiyo mifumo mingi huunganisha hesabu na wakati, alama za zamani zikipunguzwa kadiri siku zinavyopita.

Kugawana mzigo kati ya mashine nyingi

Mtandao mkubwa hauwezi kutegemea akiba ya mashine moja. Taarifa hugawanywa kati ya mashine kadhaa, na kila kompyuta inayouliza lazima ijue ni mashine ipi yenye kitu inachokitaka. Njia rahisi ni kukipa kila kitu namba, kuigawa namba hiyo kwa idadi ya mashine, na kutazama baki. Kwa mashine 4, kitu namba 18 kina baki 2, hivyo huwekwa katika mashine ya 2.

Tatizo hutokea mashine ya tano inapoongezwa. Mwanafunzi ajaribu kwa namba 0 hadi 19: agawe kwa 4, kisha kwa 5, na kulinganisha mabaki. Ataona kwamba ni namba 0, 1, 2 na 3 tu zinazobaki mahali pake. Vitu 16 kati ya 20 vimehama, na akiba karibu yote imepotea kwa mara moja. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo cha MIT, Marekani, walieleza njia nyingine. Mashine na vitu hupangwa juu ya duara moja, na kila kitu huhudumiwa na mashine ya kwanza inayokutwa kwa kuzunguka upande mmoja. Mashine mpya ikiingia, huchukua vitu vya kipande chake cha duara tu. Zikiwa tano, kwa wastani ni sehemu moja ya tano inayohama. Wawili wanaohusiana na kazi hiyo, Tom Leighton na Daniel Lewin, walianzisha kampuni ya Akamai mwaka 1998, ambayo kazi yake ni kuweka nakala za kurasa karibu na wasomaji katika sehemu nyingi za dunia.

Akiba huoza

Nakala ni kweli ya wakati ule iliponakiliwa. Chanzo kikibadilika, nakala huwa uongo, ingawa sura yake haikubadilika. Dawa inayotumiwa sana ni kuipa kila nakala muda wa uhai. Mfumo wa majina ya mtandao, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ulijengwa juu ya wazo hilo. Kila jibu la swali la aina ya "jina hili liko katika anwani gani?" huja na idadi ya sekunde ambazo linaweza kuaminiwa, kwa mfano 3,600, yaani saa moja. Muda ukiisha, jibu hutupwa na swali huulizwa upya.

Kuchagua muda huo ni kupima hasara mbili. Ukiwa mrefu, msomaji huenda akasoma alama ambazo zimekwisha kusahihishwa. Ukiwa mfupi, chanzo hulemewa na maswali. Picha ya nembo ya shule yaweza kukaa mwaka mzima. Habari za leo dakika chache tu. Salio la fedha za simu halifai kuamuliwa kwa nakala ya zamani, maana fedha ile ile yaweza kutolewa mara mbili.

Iko hatari nyingine. Muda wa nakala inayopendwa ukiisha, maelfu ya maombi hukosa jibu kwa pamoja na kukimbilia chanzo kwa pamoja, hata kukiangusha. Mwaka 2013 wahandisi wa kampuni ya Facebook walieleza kinga yao: ombi la kwanza hupewa kibali cha kwenda kwenye chanzo, na mengine huambiwa yangoje kidogo mpaka nakala mpya iletwe.

Yanayotuhusu Afrika Mashariki

Ili akiba iwe karibu kweli, lazima njia ya kuifikia iwe fupi. Kabla ya kuwapo vituo vya kubadilishana mawasiliano, ujumbe kati ya wateja wa kampuni mbili za mji mmoja uliweza kupitia ng'ambo na kurudi. Kituo cha Nairobi, KIXP, kilifunguliwa upya mwaka 2002, na kile cha Dar es Salaam, TIX, kilianza mwaka 2004. Kituo cha namna hiyo ni mahali pafaapo kuweka akiba, kwa kuwa kampuni nyingi hukutana hapo.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na huduma za intaneti zikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Katika hali kama hiyo akiba iliyo nchini inaweza kuendelea kujibu, lakini kwa yale tu yaliyokwisha kuombwa na ambayo muda wake haujaisha. Hapa ndipo upungufu wa kanuni zote tulizozieleza unapodhihirika. Kanuni hizo hupima wingi wa maombi, hazipimi umuhimu. Maelezo ya huduma ya kwanza kwa aliyeumwa na nyoka, yanayoombwa mara moja kwa mwezi, hayawezi kushindana na wimbo mpya. Mashine haikukosea: imefanya ilivyoagizwa. Taarifa zinazohitajiwa na wachache, lakini kwa dharura, hazitaingia katika akiba kwa kura ya wengi. Ni lazima watu waamue kuzihifadhi hapa nyumbani, katika seva zilizo nchini, mkongo ungali mzima.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili bila kompyuta. Wanafunzi wachukue daftari la maktaba la kuazimia vitabu, wahesabu kila kitabu kiliazimwa mara ngapi katika muhula uliopita, kisha wavipange kuanzia kilichoazimwa zaidi. Watafute ni sehemu gani ya maazimo yote iliyochukuliwa na sehemu moja ya kumi ya vitabu, na kuilinganisha na 69 kwa 100 ya hesabu yetu. Mwisho wavitazame vitabu vilivyo mkiani mwa orodha, na kujadili ni kipi kati ya hivyo ambacho shule haifai kukiondoa hata kama hakuna aliyekiazima.