Laptopu ya Safari: Inunuliwe Kariakoo au Ughaibuni?

Kijana wa Majimoto, mkoani Katavi, anayekwenda kusoma Ujerumani ana swali la fedha: laptopu anunue Kariakoo, Dar es Salaam, au hukohuko? Umeme usimtishe. Chaja nyingi hupokea volti 100 hadi 240. Plagi ya pini tatu itahitaji adapta tu.

Kibodi ndiyo ya kuangalia. Kwenye ya Ujerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Ya Ufaransa, penye Q pana A. Aliyezoea kuchapa bila kutazama atakosea mara kwa mara.

Dhamana ya matengenezo nayo mara nyingi haivuki mipaka: mashine ikifa Berlin, duka la Dar es Salaam halimsaidii. Lakini fomu za chuo hujazwa kabla ya safari, hivyo laptopu ya mtumba yenye betri nzima inatosha kuanzia. Mpya, ambayo wauzaji wengi huko humpunguzia mwanafunzi bei, isubiri.