Je, Wajua? Sura Yake Nani?

Je, wajua kwamba jina Tutankhamun maana yake ni "sanamu hai ya Amun"? Farao huyo, ambaye kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1922, mwanzoni aliitwa Tutankhaten. Mungu wa ikulu alipobadilika, mkia wa jina ukabadilishwa. "Sanamu hai" haikuguswa. Katika Misri ya kale, kuwa mfano wa mungu kilikuwa cheo cha mfalme. (Yapo maandishi, Mafundisho kwa Merikare, yanayowapa watu wote sifa hiyo, ila ni nadra.)

Je, wajua kwamba neno la Kiebrania tselem, lile la binadamu kuumbwa kwa mfano wa Mungu, hutumika pia kwa vinyago? Wafilisti walipolirudisha Sanduku la Agano walitoa na panya watano wa dhahabu, na panya hao nao ni tselem. Wanaisimu wengi huliona neno la Kiarabu lililotupa "sanamu" kuwa la ukoo huohuo.

Mwaka 1979 mkulima mmoja alikuwa akipanua shamba lake ukingoni mwa kilima cha Tell Fekheriye, Syria, akafukua mtu wa jiwe jeusi, ndevu zimesokotwa, mikono imefumbatana. Ni Hadad-yis'i, mtawala wa Guzana. Mbele ya vazi lake pana maandishi ya Kiashuru, nyuma ya Kiaramu, na hicho Kiaramu kinaiita sanamu kwa maneno mawili, ndugu wa yale ya Mwanzo 1:26 ambayo Biblia zetu zimeyapa "mfano" na "sura". Mzee wa jiwe aliwekwa hekaluni asimame mbele ya mungu Hadad badala ya mwenyewe, usiku na mchana, akimwombea maisha marefu.

Sasa soma Mwanzo 1:27 kwa macho ya mtu wa zama hizo. Cheo cha ikulu kimegawiwa mwanamume na mwanamke, na mfalme hatajwi hata kwa bahati mbaya.

Katika Mishna ya Wayahudi, mashahidi wa kesi za hukumu ya kifo huonywa kwa mfano wa sarafu: mtu hupiga nyingi kwa muhuri mmoja zikafanana zote, lakini Mungu hupiga watu wote kwa muhuri wa Adamu na hakuna anayefanana na mwenziwe. Tandaza mezani sarafu kumi za shilingi 200 za Tanzania: Karume ni yuleyule mara kumi. Watoto wa tumbo moja je?

Na Waislamu wanayo hadithi: ukipigana na nduguyo epuka uso, kwani Mwenyezi Mungu alimwumba Adamu kwa sura yake. Yake nani? Ya Mungu, ya Adamu mwenyewe, au ya huyo anayepigwa? Maulamaa wamevutana karne nyingi juu ya kiambishi hicho kimoja cha Kiarabu, na Kiswahili, kwa "yake" yetu, hakijawasaidia kitu.