Je, Wajua? Sukari ya Dar na Miguu ya Watu

Je, wajua kwamba watafiti walipopima watu wa vijiji 6 vya Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1989, wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu 100? Asilimia 0.87 tu. Wakati huo wengi waliuita ugonjwa wa wakubwa, wa watu wa gari na kitambi.

Je, wajua kwamba Shari iliwahi kuwa na heri kuliko Bandari ya Salama? Shari ni kijiji cha Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwalinganisha wakazi wake na wenzao wa Dar es Salaam. Dar, wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 5.9 na wanawake 5.7. Shari, wanaume 1.7 na wanawake 1.1. Jina si kitu.

Je, wajua kinachompata mtu akishateremka basi la Morogoro? Kuna watafiti waliowapima wanavijiji wa huko kabla hawajahamia Dar, kisha wakawafuata mjini mwaka mmoja baadaye. Kijijini, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wakifanya kazi au shughuli za kutoa jasho hasa. Mjini ikabaki kama robo ya wanaume wote. Uzito ukapanda kilo 2 na ushei, kwa wanaume na kwa wanawake. Nyama nyekundu waliila zaidi, lakini na matunda na mboga za majani pia waliziongeza! Kwa hiyo tusiibebeshe chipsi zege lawama zote. Jembe limebaki Morogoro, na huku mtu anasubiri daladala dakika ishirini ili ashuke kituo cha pili.

Je, wajua kwamba sensa ya 1967 iliikuta Dar na watu 272,821, na ya 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 5? Hata kama kiwango cha kisukari kingeganda palepale, foleni ya kliniki ingerefuka tu. Nacho hakikuganda: uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. (Umri na vipimo vya tafiti hizi havifanani, usizilinganishe kama bei ya nyanya ya jana na leo. Ila mwelekeo unaonekana.)

Je, wajua kwamba zaidi ya nusu ya Waafrika wenye kisukari hawajijui? Haja ndogo za usiku wanasingizia maji ya jioni, kiu wanasingizia joto. Dar joto halikosekani, kisingizio kipo mwaka mzima.

Je, wajua kwamba kisukari kinamwongezea mtu hatari ya kuugua kifua kikuu mara 2 hadi 3? Fikiria vyumba vya kupanga visivyo na dirisha la maana, ambamo kikohozi hakina pa kutokea.

Na panya je? Hili wengi hudhani ni utani. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitaalamu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi. Panya anatafuna, mwenye mguu anakoroma. Asubuhi anakuta damu kwenye shuka. Damu nayo haifiki vizuri mguuni, kwa hiyo kidonda hakifungi, kinaoza, na mwisho wake huweza kuwa msumeno wa daktari. Hapa ndipo umaskini wa mji na ugonjwa uliodhaniwa wa matajiri vinapolala kitanda kimoja.

Je, wajua kwamba mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wenye kisukari, uitwao Hatua kwa Hatua, ulianzia Tanzania na India? Mengi ya mafunzo yake hayahitaji mashine: kukagua nyayo kila siku, na kuingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, usije ukakanyaga msumari kutwa nzima bila habari.

Na je, wajua dalili moja ya ganzi ambayo jirani huiona kabla ya mgonjwa? Ndala inamvuka, mwenyewe anaendelea na safari zake, mpaka mtoto amkimbilie kwa nyuma: "Shikamoo babu, ndala yako hii hapa."