Acheni Kuosha Tangi Zima

"Nimewabadilishia samaki maji yote, nikasugua mawe, nikaosha sponji ya kichujio kwa sabuni mpaka ikarudia rangi yake. Mbona wamekufa?" Toka Ibanda hadi Bagira, hapa Bukavu, ninaulizwa swali hilohilo, na jibu limo ndani ya swali. Wamekufa kwa sababu ya kazi hiyo yote uliyoifanya.

Imani kwamba maji yanayong'aa ni maji salama imeua samaki wengi kuliko ugonjwa wowote. Kinachowaua ni amonia, na amonia haina rangi. Inatoka kwenye matamvua yao wenyewe, kwenye kinyesi, na kwenye chakula kilichobaki chini kikaoza. Ule utelezi wa kahawia kwenye sponji na mawe ni makao ya bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila na samaki huivumilia. Ukiusugua utelezi huo umewafukuza wafanyakazi wote siku moja, na samaki hawaachi kujisaidia kwa kuwa wewe umefanya usafi. Klorini ya maji ya robine ya REGIDESO, inayotulinda sisi, nayo huua bakteria waliosalia na kuunguza matamvua.

Watazame. Wanaokufa usiku uleule wameuawa na klorini au na badiliko la ghafla la maji. Wanaoanza siku ya pili au ya tatu kuhema juu juu, mapezi yamebanwa ubavuni na matamvua yamewiva, wanaungua kwa amonia. Matamvua yakiwa ya kahawia, hiyo ni nitriti: imeharibu damu, haibebi tena oksijeni.

Hapa Bukavu kuna hatari nyingine. Robine ikikauka, mtoto anatumwa ziwani na bidoni. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9, kwa sababu ya chumvi nyingi zinazotoka kwenye chemchemi za chini na miamba ya volkano. Maji ya mvua na ya vijito vyetu yako chini ya hapo. Sasa, amonia ina sura mbili: amoniamu, isiyomdhuru sana samaki na ambayo mimea huipenda, na amonia huru, inayopenya matamvua. pH ndiyo inayoamua ipi itazidi. Kwenye pH 7, amonia huru haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 9 inakaribia theluthi. Ukijaza maji ya ziwa kwenye tangi lililokaa miezi na maji laini, uchafu ni uleule, lakini sumu imepanda mara nyingi katika dakika chache. Samaki wa Kivu aina ya haplokromisi wamezaliwa katika maji hayo. Waanze nayo na wabaki nayo. Neoni, samaki wa maji laini ya Amazoni, hawana nafasi humo kabisa.

Na tafadhali, ondoeni mkono kwenye kopo la chumvi na kidonge cha tetrasaiklini. Chumvi ya kutosha kutibu samaki inaunguza mimea mingi. Tetrasaiklini haiondoi amonia hata kidogo, na inaweza kuwadhuru bakteria mnaowahitaji.

Fanyeni hivi. Badilisheni robo ya maji kwa wiki, daima kutoka chanzo kilekile. Maji ya robine yalale siku nzima kwenye beseni lililo wazi. Sponji ikamuliwe ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, bila sabuni. Mng'oe majani yaliyooza, mizizi muiache. Chakula ni kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Samaki mgeni aongezewe maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima. Msidanganyike kwamba mimea inatosha kwa hewa: usiku nayo inatumia oksijeni, na kwenye mwinuko wa mita karibu 1,500 maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko ya Mombasa yenye joto lilelile. Pampu ikeshe. SNEL wakikata umeme, msilishe. Choteni maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu. Sambaza wa ziwani msijaribu kuwafuga, magamba yao hupukutika wakiguswa tu. Na samaki wa dukani wasimwagwe ziwani.

Tangi jipya lipandeni mimea kwanza, kisha ongezeni samaki wachache wachache. Bakteria huchukua kama wiki nne hadi sita kutulia. Asiyeweza kusubiri muda huo afuge mimea peke yake, itapendeza na haitateseka.