Usubi: Mdudu anayezaliwa penye kasi ya maji

MKAZI wa mjini anaposikia habari za mdudu anayeuma watu na kuzaliana majini, wazo lake la kwanza ni kufukia madimbwi. Njia hiyo humdhibiti mbu. Kwa usubi, mdudu mdogo mweusi anayeeneza ugonjwa unaoitwa kwa jina lake, haisaidii, kwa kuwa yeye hazaliani katika maji yaliyotuama.

Milima ya Usambara, mkoani Tanga, ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambako ugonjwa huo umejulikana kwa miaka mingi. Ukingoni mwa milima hiyo, kama kule Mtae wilayani Lushoto, ardhi huporomoka ghafla kuelekea nyika za Mkomazi. Miteremko ya namna hiyo ndiyo huvipa vijito kasi ambayo usubi huihitaji.

Jike hutaga mayai mamia kadhaa kwa mara moja, akiyabandika kwenye majani au mawe yanayopigwa na maji. Viluwiluwi hujishikiza kwa nyuzi mfano wa hariri, wakichuja chakula kinacholetwa na mkondo. Wakitaka kuhama, hujiachia na kuchukuliwa hadi mahali pengine. Kwa njia hiyo kizazi husambaa kuelekea chini ya mto, na wadudu waliokomaa huruka kutafuta maeneo mapya.

Huko Usambara yuko pia usubi aitwaye Simulium woodi, ambaye viluwiluwi wake huishi juu ya kaa wa maji baridi. Nchini Kenya, viluwiluwi wa jamaa yake, Simulium neavei, walitafutwa kwa muda mrefu bila mafanikio, hadi mwaka 1950 ilipotangazwa kuwa nao hubebwa na kaa.

Usubi akimuuma mgonjwa, hunyonya vijidudu vya minyoo na baadaye kuvipeleka kwa mtu mwingine. Minyoo hiyo husababisha muwasho mkali wa ngozi na hata upofu. Dawa ya ivermectin huua vijidudu hivyo, lakini haiui minyoo mikubwa, inayoweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10.

Kwa kuwa kijito cha mlimani hakiwezi kufukiwa kama dimbwi, anayeishi kando yake hushauriwa kumeza dawa kila mara inapogawiwa, kwa maelekezo ya wataalamu wa afya, hata kama hajisikii mgonjwa.